Sange, Kiboko na Pipa la Marehemu

Paukwa!

Nimesema paukwa! Mbona mnaitika kama wagonjwa? Tena!

Paukwa!

"Pakawa!"

Paukwa nyumba!

"Pakawa njia!"

Na njia isipopitika?

"Mwenye nyumba hukasirika!"

Hapo sawa. Sasa kaeni. Mtakaa wapi, mimi sijui. Wewe Riziki, kaa juu ya tairi la shemeji yangu Mwidau, na huo mkono wako uliofungwa uweke mapajani, usije ukaugonga tena. Wawili wapande juu ya jokofu la shemeji yangu Mwidau. Halijagandisha hata tone la maji tangu ninyi hamjazaliwa, lakini leo litakuwa kiti. Wengine jibanzeni pale katikati ya milango minne ya shemeji yangu Mwidau, milango isiyo na nyumba. Mimi nitasimama. Sebule ni yangu, mimi Mashavu binti Haji, nimeijenga kwa maandazi, karai hadi karai, na leo mwenye sebule anasimama!

Najua, wanasema hadithi ya mchana humwotesha mtu mkia. Na uote. Hata pa kuuweka hapana.

Na harufu hiyo ya pilau inayotoka uani msiiulize. Wala msimuulize jirani yetu Siwema kwa nini analia huko tangu juzi. Kila kitu kina zamu yake. Sikilizeni.

Hapo kale, katika msitu ulio kando ya mto, aliishi Sange. Sange mnamjua? Mnyama mdogo, anaenea ndani ya kofia ya babu yenu, pua ndefu inachezacheza, miguu myembamba. Watu wanamwita panya. Si panya! Panya hukusanya. Sange hufagia.

Kila asubuhi Sange aliamka akafagia vijia vyake. Fya! Fya! Fya! Jani likidondoka, fya! Kijiti kikidondoka, fya! Wapita njia wakamcheka: "Bi Sange, unamfagilia nani? Una mgeni?" Wapumbavu. Sange hana pembe. Sange hana kucha. Sange hana meno ya kumtisha mtu. Silaha yake ni njia nyeupe, basi. Mwewe akishuka, Sange huingia mlango wa mbele, chwii! Hutokea mlango wa nyuma, chwii! Amekwenda. Lakini kijiti kimoja tu kikilala njiani, Sange hujikwaa, na Sange akijikwaa ni kitoweo.

Mumewe alijikwaa mara moja. Mara moja tu. Sange akabaki na mtoto mmoja, Kasange, na akabaki na ufagio. Sasa mnaelewa kwa nini alifagia.

Na kule mtoni aliishi Kiboko. Mkubwa, mzito, ana tumbo kama nini sijui, na mdomo akiufungua mwaingia humo ninyi nyote na jokofu lenu. Kiboko alikuwa na ugonjwa mmoja: kila kilichoelea mtoni kilikuwa chake. Hakuwa na haja nacho. Hakijui kazi yake. Lakini kikipita, kamata! Na akishakikamata, hana pa kukiweka, maana nyumba yake ni maji.

Basi siku moja, ndi! ndi! ndi! Kiboko huyo.

"Hodi, Bi Sange!"

"Karibu, Bwana Kiboko."

"Nimeokota chungu. Mimi nakaa majini, kitalowa. Niwekee tu, nitakuja kukichukua."

Kitalowa! Chungu kimetoka majini, kimekaa humo miezi, leo kinaogopa kulowa! Lakini mtu akikuambia "niwekee tu", utamjibu nini? Sisi hatukufundishwa kusema hapana. Tumefundishwa kusema "weka tu, kwani kinakula?" Sange akasema, "Weka tu, Bwana."

Pwaa!

"Na kisiguswe!" akasema Kiboko.

Sange akachungulia. Chungu hakina kitako.

Siku ya pili, ndi! ndi! ndi!

"Hodi, Bi Sange! Nimeokota kitanda. Mimi nakaa majini, kitalowa. Niwekee tu, nitakuja kukichukua."

Pwaa! "Na kisiguswe!"

Kitanda hakina kamba.

Siku ya tatu, ndi! ndi! ndi!

"Hodi, Bi Sange! Nimeokota ngoma. Mimi nakaa majini, italowa. Niwekee tu, nitakuja kuichukua."

Pwaa! "Na isiguswe!"

Ngoma imepasuka, unaweza kupitisha kichwa.

Siku ya nne akaleta pipa. Pipa la chuma, limeliwa na kutu, kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mbele halikupita. Kiboko akazunguka nyuma, akalisukuma kwa pua, akalisukuma kwa kifua, ng'wiii! Likakwama palepale kwenye mlango wa nyuma. Nyumba ikaingia giza.

"Bwana Kiboko," Sange akasema, "hapo ndipo tunapotokea."

"Mtatokea mbele."

"Na Mwewe akisimama mbele?"

"Mwambie asubiri."

Mmesikia jibu hilo? Mwambie asubiri! Sange akahisi damu inapanda mpaka kwenye ncha ya pua. Akafungua kinywa aseme. Kiboko naye akafungua chake. Waaa! Sange akaona meno kama michi ya kutwangia, akaona koo, akaona na giza lililo nyuma ya koo. Akakifunga chake. Aliyekuzidi mdomo husema peke yake.

Kesho yake Mwewe akaja. Hakusubiri.

Kasange alikuwa anacheza mlangoni. Kivuli kikashuka, vuuu! Kasange akaingia ndani, chwii! Akakimbilia mlango wa nyuma kama alivyofundishwa na mama yake kila siku ya Mungu. Dung! Paji la uso kwenye pipa. Akageuka. Kitanda. Akageuka. Chungu. Mwewe akaingiza mguu mlangoni, kwaru! Akamchana mtoto paja la nyuma. Bahati yake Kasange aliiona ile ngoma iliyopasuka, akajichomeka ndani, akatulia humo anatetemeka mpaka Mwewe alipochoka akaenda zake.

Sange aliporudi na mdomo umejaa mchwa wa kumlisha mwanawe, alikuta damu. Aliifuata damu mpaka kwenye ngoma. Akamtoa mtoto, akamlamba, akamlaza. Halafu akatoka nje akiwa amevimba kwa hasira.

Akaenda kwa Nyani. "Jirani, nisaidie kumsemesha Kiboko. Mwanangu amenusurika."

Nyani akajikuna. "Vumilia, Bi Sange. Amana ni amana. Na tena, si umeona, ngoma ya watu imemfaa mtoto!"

"Asingehitaji ngoma lau angekuwa na mlango!"

Akaenda kwa Ngiri. "Jirani, nisaidie. Mwewe atarudi. Mtoto anachechemea, na mara ya pili hatakosa."

Ngiri akasema, "Vumilia. Mkubwa jalala."

"Kama mkubwa ndiye jalala, mbona takataka zote ziko kwangu mimi mdogo?"

Ngiri akaona ana shughuli mahali.

Wanangu, mtu akikuambia vumilia, nenda kwanza ukachungulie nyumbani kwake. Utakuta peupe. Ngoma utaicheza humo, uzunguke, urudi. Mimi ndugu zangu wote wa Pangani wameniambia nivumilie, na hakuna hata mmoja mwenye tairi sebuleni.

Sange akaenda mwenyewe mtoni. "Bwana Kiboko! Njoo uchukue vitu vyako. Mwanangu amechanwa."

Maji yakachemka, puuuf! Kikatoka kichwa. "Bi Sange, mimi nikiwa hai, kitu changu hakiguswi. Labda nife. Nikifa, fanyeni mtakavyo." Blup. Akazama.

Na kesho yake, kana kwamba hakuna kilichosemwa, ndi! ndi! ndi! Kaleta kiti. Miguu mitatu. Niwekee tu, kitalowa, nitakuja. Pwaa! Halafu kwa kuwa jua lilikuwa kali, Kiboko akazunguka nyuma ya nyumba, akaliegemea lile pipa, akapumzika. Akaligonga kwa kwato. Dung, dung.

"Pipa zuri hili," akasema. "La nani?"

Sange akadhani hakusikia vizuri. "Unasemaje, Bwana?"

"Hili pipa. La nani? Limetulia."

"Ni lako, Bwana Kiboko."

"Langu? Aa! Langu! Ndiyo." Akalitazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Lisiguswe!" Akaondoka, ndi! ndi! ndi!

Sange akakaa chini. Siku hiyo hakufagia. Hasira aliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa mchezo. Hasira yenyewe ndiyo ilikuja saa hiyo. Mtoto wake amechanwa kwa kitu ambacho mwenyewe hakijui kwa sura! Angekuwa anakipenda, angalau. Angekuwa anakuja kukifuta vumbi, kukitazama, kumkumbuka mama yake kwacho. Hata hakijui! Alichokijua ni neno moja tu, "langu".

Akakaa, akakaa. Halafu ile pua yake ikaanza kucheza.

"Amesema labda afe," akasema Sange. "Basi na afe."

Akaenda kwa Kobe. Kobe alikuwa ndiye msimamizi wa misiba yote ya msituni, maana hana haraka. Akaenda na kwa Kanga, ambaye kwa kulia hana mpinzani. Hata kicheko chake ni kilio. Akawaeleza.

Kobe akasema, "Mimi nyumba yangu naibeba mgongoni. Naujua uzito wa kisichohitajika. Nipo."

Kanga naye akakunjua shingo. Alisafisha koo.

Asubuhi Sange akaweka vyungu vitatu vikubwa vya maboga, vyungu vyenye vitako, alivyoazimwa na Kobe. Akayapika maboga kwa tui zito. Harufu ikatoka, ikashuka bondeni, ikafika mtoni. Na Kanga akapanda kichuguu.

"Kekekekeke! Kafa! Kekekekeke! Kafa! Tumebaki na nani? Kekekekeke!"

Wanyama wakaja. Nyani akaja, Ngiri akaja, na watoto wao. Sange ameketi mlangoni, kichwa kimefungwa jani.

"Makiwa, Bi Sange!"

"Tunayo."

"Makiwa!"

"Tunayo."

Na alikuwa analia. Msidhani alilia kwa uongo. Hasira ikikosa mlango hutokea machoni.

Mtoni, puuuf! Pua zikatoka kwanza. Pua zikanusa. Ndi! ndi! ndi! Mbio!

"Kuna nini hapa?"

"Matanga," akasema Kobe.

Kiboko akafungua kinywa aulize ya nani. Kwa jicho moja akaona sahani zinapita. Akafunga.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wazima wanapoanguka. Kuuliza "nani amekufa?" ukiwa mbali ni huruma. Kuuliza "nani amekufa?" ukiwa umeshafika na macho yako yako kwenye chungu ni aibu. Watasema, aha, huyu kaja kula. Mwenye haya ya namna hiyo hafi njaa, lakini pia hajui kamwe alichokilia. Nyani hakuuliza. Ngiri hakuuliza. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Wakawa wanatikisa vichwa tu, "Loo, marehemu. Loo, marehemu."

Basi Kiboko akatikisa kichwa kuliko wote. "Loo, marehemu!" Akaketi. "Makiwa, Bi Sange!"

"Tunayo, Bwana Kiboko. Kula. Marehemu asingependa ushinde njaa."

Kiboko akala. Nyam! Nyam! Nyam! Sahani tatu.

Siku ya pili akaja. "Makiwa!" "Tunayo." Nyam! Nyam! Nyam! Sahani tatu. Lakini akaona Ngiri anamtazama sana, akaona bora aseme neno la kuhalalisha tumbo. Akapiga ukelele: "Marehemu alikuwa mwenzangu! Tumelala bwawa moja, tumekula nyasi moja!"

Kanga nusura acheke. Kwa bahati, akicheka hulia. "Kekekekeke!"

Siku ya tatu, siku ya kuanua matanga, akaja mapema kabla hata kuni hazijawaka. "Makiwa!" "Tunayo." Nyam! Nyam! Nyam! Sahani tatu, ya tisa hiyo. Sahani zilipotolewa, Kobe akasogea katikati, taratibu, taratibu, mpaka watu wakataka kulala. Akasema:

"Ndugu zangu. Marehemu hana mke wala mtoto. Ameacha vitu. Vimo nyumbani kwa Bi Sange, amana. Nani alikuwa karibu naye kuliko wote?"

"Mimi!" Kiboko akanguruma. "Mimi na marehemu ni tumbo moja! Alichokula nimekila!"

Na hakusema uongo, yule fisadi.

"Basi tunakuuliza wewe. Vitu vya marehemu vikae palepale visiguswe, au vigawanywe?"

Kiboko akanusa mirathi. Macho yakamtoka. "Vikae? Kwa nini vikae? Nyumba ya watu ndiyo kaburi? Mnamjazia mwanamke nyumba mpaka mlango hauonekani, na ana mtoto! Hamna hata huruma? Vigawanywe, leo! Sasa hivi!"

Sange akainua kichwa chake kilichofungwa jani. Maneno yake yote, neno kwa neno, yanatoka kwenye mdomo ule ule. Alitamani kumrukia amng'ate kwa meno asiyo nayo. Akashusha kichwa.

"Na kesho akija mtu," Kobe akauliza, "akasema hivi ni vyangu, visiguswe?"

"Mwongo huyo! Mwizi wa maiti! Mfukuzeni!"

"Tumesikia wote?"

"Tumesikia!"

Wakavitoa nje. Kiti cha miguu mitatu, Kobe akamwonyesha Nyani. "Jirani mwema, chukua wewe, uliyemwambia Bi Sange avumilie."

Nyani akarudi nyuma. "Mimi? Aa, kwangu pamebana."

Kitanda kisicho na kamba, akaonyeshwa Ngiri. "Chukua."

"Ningechukua, lakini mlango wangu mdogo."

Ona! Ona watu hao! Kumbe walijua siku zote! Nyumba ya Sange ina nafasi, nyumba zao zimebana!

"Kama hamtaki," Kiboko akasema, mate yanamtoka, "mimi nitavichukua. Vyote. Kitanda kizuri kabisa hicho. Chungu hicho, hakikosi kazi. Na hilo pipa! Jamani, pipa! Marehemu alijua kuchagua."

Hakukitambua hata kimoja.

Kobe akasema, "Mrithi huapa. Apa mbele ya msiba huu kwamba vya marehemu utavipeleka kwako mwenyewe, vilale unapolala wewe, na hutakilaza hata kimoja kwa jirani. Ukikilaza kwa jirani, msiba huu ukurudie."

"Naapa! Naapa! Nipandishieni hilo pipa!"

Akalivuta mwenyewe kwa meno. Ng'wiii! Likang'oka. Na mwanga ukaingia nyumbani mwa Sange kupitia mlango wa nyuma, ukafika mpaka pale alipolala Kasange. Kasange akafumba macho, alishausahau.

Kiboko akajitwika. Pipa mgongoni, kitanda juu ya pipa, kiti juu ya kitanda, ngoma shingoni, chungu puani. Ndi. Ndi. Ndi. Alikwenda hatua ishirini. Akasimama. Akafikiri. Akageuka.

"Bi Sange," akasema kwa sauti tamu, "mimi nakaa majini, vitalowa. Niwekee tu, nita—"

"Umeapa," akasema Sange.

"Leo tu, kesho nitakuja kuvi—"

"UMEAPA!" Mdogo yule, anayeenea kwenye kofia, alipiga kelele mpaka Ngiri akakaa chini. "Umeapa mbele ya watu! Tumbo lako limejaa maboga ya msiba, na kinywa chako kimesema nyumba yangu si kaburi! Ondoka! Ondoka na chungu chako, na pipa lako, na 'niwekee tu' yako! Mwanangu anataka kupita!"

Kiboko akafungua kinywa, waaa! Chungu kikamwangukia kooni. Akafunga. Wanyama wote wakawa wanamtazama, sahani tisa wanazijua. Akaenda zake mtoni na mzigo wake. Blup. Blup. Blup.

Asubuhi Sange akafagia. Fya! Fya! Fya! Alifagia mpaka udongo ukang'aa. Na jua lilipopanda, kivuli, vuuu! Mwewe. Kasange alikuwa mlangoni, anachechemea na mguu wake mbovu. Akaingia mbele, chwii! Akatokea nyuma, chwii! Mwewe akapiga kucha kwenye udongo mtupu, akala vumbi.

Ndiyo maana mpaka leo Sange anafagia, na Kiboko hazami akaenea. Huko chini kumejaa. Akilala ubavu, kitanda. Akigeuka, pipa. Amebaki kutoa macho, masikio na pua tu. Na mtamwona mara kwa mara anafungua kinywa, waaa, halafu anakifunga. Watu husema anapiga miayo. Si miayo! Anataka kuuliza, "Hivi jamani, yule marehemu alikuwa nani?" Halafu anakumbuka sahani tisa, anaona haya, anafunga.

Hadithi yangu nimeifagia mpaka kizingitini. Anayetaka kipande akibebe akalale nacho kwao. Kwangu hakilali kitu cha mtu.

Na funzo lake, wajukuu zangu, mlishike: ndugu akikuambia niwekee, mwekee. Usimnunie. Nyumba ni moyo, pipa ni kitu gani? Hasira hasara. Mwenye subira hula mbivu. Mnaniona mimi, miaka kumi na mmoja nimekaa na vitu vya shemeji yangu, mjukuu wangu kavunjika mkono kwa tairi lake, na sijawahi kusema neno. Vumilieni kama mimi.

Nini, Riziki? Pilau ni ya nini?

Ni ya matanga. Leo siku ya tatu.

Matanga ya nani? Shh! Mtoto mwenye adabu haulizi. Hebu chungulia dirishani uniambie kama ule mkokoteni umeshafika. Umefika? Vizuri. Sogeza mguu, nasikia mtu anavua viatu barazani.

"Hodi humu! Makiwa, shemeji!"

"Tunayo, shemeji Mwidau. Pita uani, sahani kubwa ndiyo yako."